Wakuu, vijana wa kufunga CCTV na alamu mnawafundishaje mpaka kazi isimame yenyewe?

Saiti_Mwanza:

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaofanya hii kazi mana mimi limenifika shingoni.

Nina kiofisi cha kufunga kamera, alamu na fensi za umeme hapa Mwanza, mwaka wa sita huu. Vijana ninao wanne. Mmoja amesoma umeme VETA (chuo cha ufundi), hawa watatu wengine walianza kama saidia fundi, kushika ngazi na kutoboa ukuta, wakazoea wakaanza kufunga. Kuvuta waya wanajua, trankingi wanapiga imenyooka vizuri, mteja akiangalia anafurahi. Shida ni ndani.

Mwezi wa nne duka la vifaa vya ujenzi la mteja wangu limeingiliwa. Tulifunga sensa za mlango sita, zile za kuhisi mlango ukifunguliwa, na king'ora nje. Wezi wamekata kufuli la mlango wa nyuma wamebeba mali usiku mzima, king'ora kimya. Asubuhi naitwa, paneli, yani boksi linaloongoza alamu, inaonyesha kila kitu kiko sawa, mlango uko wazi mbele yangu na taa ya zoni ile (waya wa mlango ule) iko kijani. Nikafatilia waya hatua kwa hatua, nikakuta pale juu ya dari fundi wa bati alipigilia msumari ukapita katikati ya kebo, nyaya mbili zimegusana. Haya, nikasema mbona paneli haikulalamika sasa, si ndo kazi ya rizista, kile kifaa kidogo cha ukinzani ambacho paneli inakisoma kujua waya ni mzima? Nikafungua boksi. Rizista zote sita ziko humo humo ndani ya paneli, zimekazwa kwenye tamino zimepangwa mstari kama shanga. Hakuna hata moja iliyoko kwenye sensa.

Kijana nikamuuliza kwa upole tu, akanijibu bosi mi nilipofundishwa niliambiwa ndo zinapokaa. Na hakudanganya, aliyemfundisha ni fundi niliyekua nae mwanzo, na siku ya kukabidhi kazi mimi mwenyewe nilifungua milango yote sita king'ora kikalia nikasaini. Kwa hiyo hilo kosa ni langu kabla halijawa lake.

Sasa maswali yangu. Kuna sehemu ya kuwapeleka wakasome hii kazi yenyewe na siyo umeme wa nyumba tu? Nyie mnaofundisha saiti mnaanzia wapi? Na mnapima vipi kwamba huyu sasa anaweza kuachiwa saiti peke yake? Mteja yule ana haki ya kunilaumu, sitaki imtokee mwingine.

---

Kebo_Kariakoo:

Pole sana mkuu, na heshima kwa kulisema wazi. Hiyo ya rizista ndani ya paneli utaikuta nchi nzima, mana ni rahisi, unakaa kwenye kiti unafunga zote dakika tano badala ya kupanda ngazi mara sita. Na ubaya wake jaribio la kufungua mlango linapita. Rizista ikiwa mwisho wa waya, pale kwenye sensa, paneli inasoma ule ukinzani ikijua waya mzima uko salama, waya ukikatika inajua, ukigusana inajua. Ukiiweka ndani ya boksi, waya ukigusana huko nje paneli bado inaiona rizista yake inasema sawa. Umeona mwenyewe.

Mimi nimeshafundisha vijana kama tisa hivi. Mwezi wa kwanza kijana hagusi kamera kabisa, namkabidhi maltimita, kile kipimo cha umeme. Anapima betri, anapima adapta ikiwa haina mzigo na ikiwa na mzigo, anapima waya rola nzima. Kwasababu asilimia kubwa ya simu ninazopigiwa na wateja siyo kamera mbovu, ni umeme haufiki.

Nitoe mfano ambao kila kijana wangu lazima auhesabu kwa mkono wake. Kamera ya volti 12 iko getini mita 60 kutoka kwenye adapta. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5, kwenda na kurudi ni mita 120, ukinzani wake kama om 4 hivi. Mchana kamera inakula ampia 0.2, inapotea chini ya volti moja, picha safi mteja anakulipa unaondoka. Usiku taa za infraredi zinawaka, inaanza kula ampia 0.6, hapo zinapotea karibu volti mbili na nusu, kamera inabaki na tisa na nusu, inazima, ikizima mzigo unashuka inawaka, taa zinawaka tena inazima. Usiku kucha. Mteja anakwambia kamera yako inalala na mimi nikilala. Kishoka anabadilisha kamera, inafanya hivo hivo, anabadilisha tena. Kijana aliyehesabu anabadilisha waya au anasogeza adapta.

Alafu wafundishe kununua. Waya mwingi wa bei chee ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ukinzani unapanda kama mara moja na nusu. Kwangua na kisu, ndani ikiwa nyeupe rudisha dukani.

Kingine, tengeneza ubao. Plaiwudi moja, paneli, sensa nne, king'ora kidogo, betri. Mimi asubuhi kabla hawajafika naharibu kitu kimoja, nakata waya ndani ya plastiki nje hauonekani, au naweka betri iliyokufa, au nagusanisha zoni. Wakija nawaambia tafuteni. Asiyeweza kupata kosa kwenye ubao hawezi kulipata juu ya dari kwenye joto na popo. Kwenye swali lako la kupima, hicho ndo kipimo changu: makosa kumi tofauti ubaoni, akiyapata yote na kunieleza KWANINI, namwachia saiti ndogo.

---

Mwl_Umeme:

Mimi nafundisha umeme chuo cha ufundi, niongeze kidogo upande wa vyeti. VETA kozi za umeme ziko za muda mrefu na za muda mfupi, na vyuo vingi mkienda kama ofisi mkaomba kozi fupi ya jambo fulani mnasikilizwa, kwahiyo nenda chuo cha jirani ongea nao usisubiri tangazo. Hao watatu waliojifunzia kazini wasidharauliwe, kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi, kijana anapimwa kwa anachokijua anapewa cheti bila kuanza darasani upya.

Ila upande wa umeme mkubwa usifanye mchezo. Kuunga paneli au DVR (kinasa picha za kamera) kwenye umeme wa nyumba ni kazi ya mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Na fensi ya umeme ifundishe peke yake, siyo nyongeza ya siku moja. Vijana wengi wanaunga ethi ya fensi (waya unaoshuka ardhini) kwenye ethi ya nyumba ili kuokoa nondo za kuzika ardhini, mapigo ya maelfu ya volti yanarudi kwenye nyaya za nyumba na kwenye vifaa. Ethi yake iwe peke yake, mbali na ya nyumba, nondo zaidi ya moja, na mabango ya onyo yawekwe kabla haijawashwa.

---

Bint_Likoni:

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu yangu pole kwa yaliyokufika.

Sisi huku wengi twaingia kwa jua kali kisha twaenda kufanya trade test ya NITA, mtihani wa ufundi wa mamlaka ya mafunzo ya viwandani Kenya, mimi nilianza gredi ya tatu. Lakini nilichokosa chuoni na nikakipata kwa mzee aliyenifunza ni haya ambayo sijaona mtu akiyataja hapa: fundi wa alamu anaijua nyumba ya watu kuliko mgeni yeyote. Anajua mlango gani hauna sensa, anajua kodi, yaani namba ya siri ya kuzimia alamu, anajua mama yuko peke yake mchana. Mzee wangu siku ya kwanza alinikalisha akaniambia mwanangu, utakachokiona kwa mtu kizikwe hapo hapo. Kupiga picha ya skrini ya kamera za mteja ukaweka status eti kazi safi, kwake ilikuwa ni kufukuzwa siku hiyo hiyo. Siku hizi ni sheria pia, Kenya tuna ya kulinda data ya 2019 na nyinyi Tanzania ya 2022, wafunze vijana kwamba sura ya mtu kwenye rekodi ni mali ya mtu.

Na paswedi. Kijana asiondoke saiti na ile ya kiwandani bado ipo, admin na 12345. Mwaka 2016 kirusi kinaitwa Mirai kiliteka maelfu na maelfu ya kamera na DVR dunia nzima kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani, kikazitumia kuangusha mitandao mikubwa Marekani. Mteja aweke paswedi yake mwenyewe kwa mkono wake, wewe uangalie pembeni.

Sensa za mwendo pia zataka mafunzo ya macho. Inaona joto linalokatiza mbele yake kuliko linaloijia usoni, kwa hivyo usiielekeze mlangoni moja kwa moja, iweke pembeni mtu akatize. Isitazame dirisha la jua wala AC. Na tundu la waya zibeni na silikoni, mjusi akiingia ndani yake mwenye nyumba ataamshwa usiku tatu mfululizo, wa nne ataizima alamu, na mwizi huja wa tano.

---

Mtu_wa_Deira:

Mimi niko Dubai mwaka wa nne, fundi wa CCTV, nilitokea Tanga. Huku kuna mamlaka inaitwa SIRA, kampuni haifungi kamera bila kibali chake na fundi mwenyewe anafanya mtihani, ukifeli hugusi kazi. Mi nilikuja na uzoefu wa miaka mitano nikafeli mara ya kwanza, kwasababu nilikua najua kufunga ila nikiulizwa diski (hard disk) ya ukubwa gani itatunza rekodi za siku 31 nashindwa kukokotoa. Bosi hao vijana wafundishe kuandika pia. Mchoro wa saiti, waya gani unaenda wapi, namba kwenye kila ncha. Huku hukabidhi kazi bila mchoro, na ungekua na mchoro ule msumari wa fundi bati usingepigwa hapo.

---

Hela_Kwanza:

Yote mazuri ila ukimfundisha kijana kiasi hicho kesho anafungua ofisi yake mtaa wa pili anachukua na wateja. Yamenikuta mara mbili.

---

Kebo_Kariakoo:

@Hela_Kwanza yamenikuta pia kaka, wawili wameondoka. Mmoja leo ndo ananiletea kazi za fensi mana yeye hazifanyi. Asiyejua akibaki kwako ndo hasara zaidi.

---

Saiti_Mwanza:

Nawashukuru sana, kwa kweli sikutegemea kupata vitu vingi hivi. Mwalimu, Jumatatu naenda chuoni kuuliza hiyo ya kurasimisha kwa wale watatu. Plaiwudi nimeshanunua, paneli ya zamani ninayo, kijana wangu aliyesoma umeme ndo anaufunga huo ubao na nimemwambia asiwaonyeshe wenzake nyuma. Dada wa Likoni hilo la kodi na siri za nyumba sijawahi hata kulitamka kwa vijana wangu, naliongea kesho asubuhi kabla hatujapakia ngazi.

Alafu nimeanza kurudi kwa wateja wa zamani bila kuwatoza. Jana tumefungua paneli tano, tatu rizista ziko ndani ya boksi. Kijana yule yule ndo anazitoa, anapanda ngazi anaweka kila moja kwenye sensa yake, akishuka anagusanisha waya kwa makusudi tunasikiliza king'ora. Ya tatu ilikua kwa mama mmoja mwenye duka la dawa, akatuuliza mbona mnarudia kazi ambayo sijalalamika, nikamweleza yote kama ilivyo. Zimebaki kama ishirini na mbili hivi.