Tupeane uzoefu: ulipopigwa nusu kaputi, ulikwenda wapi?

Bint Majengo
Assalaam aleikum jamani, na hamjambo nyote. Mamangu ana miaka 73. Jumapili tulikuwa tunafua mazulia, akateleza kwenye ngazi za ua, nyonga ikavunjika. Daktari amesema apasuliwe upesi, wiki isiishe. Mama haogopi kisu. Aogopa dawa ya usingizi. Kaniambia, "Mwanangu, nikirudi bila akili zangu mtanifanyaje?" Nikakosa jibu.

Mimi mwenyewe nilipigwa nusu kaputi mwaka 2019, kidole tumbo. Daktari wa usingizi, dada mpole, aliniambia nihesabu. Nikafika tatu. Kufumbua macho, muuguzi ananiita jina na koo limenikauka. Katikati hapana kitu. Nikilala mchana nyumbani, nikiamka najua muda umepita hata kabla ya kutazama saa. Siku ile ilikuwa kama mtu kakata kipande cha kanda akaziunga ncha mbili. Saa mbili zimepita duniani nami simo. Nimekaa nalo jambo hili miaka yote hii. Basi aliyepitia naomba atueleze, hasa wenye wazee.

Mama Zuhra
Pole sana dadangu, Mungu amshike mama. Mimi nilipasuliwa kujifungua, sindano ya mgongo. Usingizi sikulala, ila nililoliona sitalisahau. Walipokuwa wakinidunga nilikuwa nimekaa, magoti nimeyakunja. Wakanilaza, miguu ikafa ganzi, na mimi nahisi kabisa kwamba magoti bado yamekunjwa juu. Nikamwambia muuguzi, "Hebu ninyoosheni miguu." Akasema, "Mama, imenyooka hiyo." Nikashangaa: miguu iko pale, akili yasema iko kwengine. Kisu sikukisikia. Nilisikia kuvutwavutwa tumboni, halafu kilio cha mwanangu. Baadaye nikatetemeka mwili mzima kama mwenye homa, na hilo hakuna aliyenitahadharisha.

Kijana wa Changamwe
Ajali ya boda, mkono ulivunjika. Walinichoma dawa iitwayo ketamini ili waunyooshe. Macho yangu yalikuwa wazi, nduguyangu alikuwa mlangoni anaona, lakini mimi sikuwepo. Nilikuwa juu ya maji pale Likoni, feri chini yangu ndogo kama kiberiti, rangi zote zimekoza kupita kiasi. Nilikuwa na yakini kwamba nimekufa, na sikuogopa. Woga ulikuja niliporudi. Usiku kadhaa sikutaka taa izimwe.

Mlaza Watu
Nafanya kazi ya usingizi thieta, huu mwaka wa 11. Bint Majengo, hicho kipande cha kanda wagonjwa wengi hunieleza hivyo hivyo. Usingizi wa kitandani ubongo hujipangia wenyewe: utaota, utageuka, mtoto akilia utashtuka. Nusu kaputi haiendi hivyo. Dawa tunayoanzia mara nyingi ni propofoli, nyeupe kama maziwa. Ikiingia mshipani, haimalizi dakika imefika ubongoni, na pale huipa nguvu kemikali ambayo ubongo wenyewe huitumia kutuliza seli zake, GABA. Seli hazifi wala hazizimiki zote. Huanza kupiga mawimbi makubwa ya polepole, na sehemu moja ya ubongo haiwezi tena kuifikishia nyingine habari. Sauti huingia sikioni ikafika ubongoni, lakini huishia kizingitini. Haipelekwi ndani ikawa maneno. Na uwezo wa kuweka kumbukumbu huondoka mapema, hata kwa dozi ndogo. Wako wanaozungumza nasi vizuri kabisa wakati wa kuingizwa thieta na kesho yake hawakumbuki hata neno.

Kijana, ketamini hupitia njia nyingine. Huziba mlango wa glutamati, kemikali inayoamsha seli. Mtu hupumua mwenyewe, macho yaweza kubaki wazi, lakini ameachana na mwili wake. Hizo ndoto si wazimu, ni kazi ya dawa. Anayekulaza anapaswa kukueleza kabla, na akikudunga pamoja na dawa ya kutuliza huwa nafuu.

Kupasua watu wakiwa wamelazwa hivi kulienea baada ya 16 Oktoba 1846, William Morton, daktari wa meno, alipomvutisha mgonjwa mvuke wa dawa iitwayo etha mbele ya madaktari pale Boston, Marekani. Leo twajua dawa zagusa wapi. Fahamu yenyewe ni kitu gani, wataalamu bado wanabishana.

Asiyelala
Naomba nami niseme, maana sijawahi kuandika popote. Hospitali siitaji. Katikati ya upasuaji nilisikia watu wanazungumza bei ya nguru. Nikajua niko wapi. Nikataka kuinua kidole, kidole hakikuja. Nikataka kupiga kelele, hata pumzi haikuwa yangu, mashine yanipumulia. Maumivu hayakuwa makali. Kilichonivunja ni ule upweke. Nilipowaambia, wakasema niliota. Nikawataja walichozungumza, wakanyamaza. Miaka sita sasa, mlio wa ile mashine ya mapigo ukisikika kwenye televisheni natoka chumbani.

Mlaza Watu
Nakuamini, na nasikitika ulijibiwa vile. Dawa ya kulegeza misuli ni mbali na dawa ya usingizi. Ya usingizi ikipungua na ya misuli ikabaki, mtu huamka ndani ya mwili usiotikisika. Ni nadra: uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka 2014 ulikuta taarifa moja kwa kila watu 19,000 hivi. Lakini kwa yule mmoja ni jambo zima. Ukipasuliwa tena, mwambie daktari wa usingizi kabla ya chochote. Atakuangalia kwa namna nyingine. Na hizo hofu zina tiba, tafuta mshauri wa kisaikolojia, usizibebe peke yako.

Mama Zuhra
Asiyelala, tumekusikia mwenzetu.

Mjukuu wa Nahodha
Bint Majengo, hiki ndicho ulichouliza. Babu yangu alipasuliwa tezi dume akiwa na miaka 79. Aliamka vizuri, akanywa uji, tukafurahi. Usiku wa pili akaanza kuamrisha tanga literemshwe. Wodi nzima ni chombo, wauguzi ni mabaharia, akavuta dripu akidhani ni kamba. Mchana ametulia, magharibi ikiingia anaanza upya. Ami yangu akasema huyu kapagawa, akaitwa maalim. Maalim, Mungu amlipe, alimsomea kisha akatuuliza, "Miwani yake iko wapi?" Ilikuwa nyumbani, kwenye saraka. Na kile kifaa chake cha masikio pia tulikificha kisipotee. Mzee haoni, hasikii, hajui usiku wala mchana, ana maumivu, na hapana sura anayoijua. Tukaleta vyote, tukapokezana kukaa naye, tukawa tunamwambia leo siku gani na yuko wapi. Siku ya tano akaniita kwa jina langu. Ya tanga hakuyakumbuka.

Mlaza Watu
Hapo umesema yote. Dawa huchangia, lakini kidonda, maumivu, kukosa usingizi, kiu na maambukizi navyo huvuruga ubongo wa mzee. Wengi hurudi ndani ya siku chache, wengine wiki. Aliyekuwa na usahaulifu tangu awali yuko hatarini zaidi, kwa hivyo usifiche kitu kwa aibu. Na nikuondolee dhana moja: watu husema sindano ya mgongo humlinda mzee akili. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2021, wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga, ulikuta waliochomwa mgongo na waliolazwa kabisa walichanganyikiwa karibu sawa, kama mmoja kati ya watano. Chagueni kwa afya yake. Chakula asiguse kwa muda wa saa sita kabla ya kupasuliwa, maji matupu anaweza kunywa mpaka zibaki saa mbili, ila wakikupa maagizo mengine fuata yao.

Bint Majengo
Nimerudi. Mama alipasuliwa Alhamisi, sindano ya mgongo na kausingizi kadogo. Asema alisikia kugongwa kama fundi seremala yuko chumba cha pili. Nilimvalisha miwani palepale alipotolewa. Usiku wa pili alimwita dadake aliyefariki, akaniuliza kwa nini hajaja. Mwili ulinisisimka. Nikamshika mkono nikamwambia, "Mama, ni mimi, uko hospitali, ni usiku wa Ijumaa, nyonga imeshatengenezwa." Nilisema hivyo mara nyingi, sikuhesabu, mpaka alfajiri ikaadhiniwa.

Asubuhi alinitazama sana, kisha akauliza yale mazulia yalianuliwa na nani. Nikamwambia bado yako kambani. Akanigombeza kwa sauti yake ileile.