Naomba ushauri: bi mkubwa wa Michenzani abaki kwenye filamu yetu ya tashtiti au tumtoe?

Kamera_ya_Ngambo:
Assalaam alaykum wanajamvi. Sisi ni vijana watatu, tunatengeneza filamu fupi za makala za mtandaoni kuhusu maisha ya mjini, kwa njia ya tashtiti, yaani kejeli ya kuchekesha. Hatuna kampuni wala mfadhili. Kamera ni ya kuazima, na kuhariri tunahariri kwenye simu.

Hii ya sasa inahusu maji kwenye majumba ya ghorofa ya Michenzani, hapa mjini Unguja. Msimulizi anatumia ile sauti nzito ya makala za wanyama, lakini "mnyama" wenyewe ni dumu la manjano la lita 20: linavyojaa mferejini (bombani), linavyopanda ngazi, linavyopumzika kila ghorofa, linavyovutwa kwa kamba mpaka roshani.

Mtihani ni bi mkubwa mmoja wa ghorofa ya juu. Alitukaribisha ndani, akatupa chai, akasema mbele ya kamera: "Maji yakija usiku wa manane naamka kama mwenye kuswali tahajudi, ila mie kwanza naitawadhisha ndoo." Kisha akatufunulia chombo kimoja kimoja: pipa, masufuria, beseni, birika, mpaka chupa tupu za maji ya dukani. Hapo ndipo msimulizi wetu anapoingia: "Kiumbe huyu hujiwekea akiba kabla ya kiangazi."

Wenzangu wanacheka mpaka machozi. Mimi moyo hauniridhii. Tulimwambia filamu ni ya shida ya maji, na ni kweli, lakini wakati ule sauti hii ya msimulizi ilikuwa haijaandikwa. Mwenzangu anasema tukikitoa kipande kile hakuna atakayeisambaza. Tufanyeje? Na vibali je?

BintiKikwajuni:
Wa alaykum salaam. Mbona kipande chema, ila mmekikalisha pabaya. Huyo bi mkubwa ndiye fundi wa maneno, hahitaji msaidizi. Nyinyi mmeshasema mnyama ni dumu, sasa vipi tena awe yeye? Mnyamazisheni msimulizi muda wote anapozungumza, halafu sauti nzito irudi juu ya mfereji mkavu. Hapo watu watacheka na watajua wanacheka nini.

JichoLaMji:
Mnajipa tabu bure. Mtu kakubali kupigwa picha, basi. Watu watacheka leo, kesho wamesahau.

BintiKikwajuni:
@JichoLaMji hapa mjini hakuna anayesahau. Kesho anakwenda Darajani kununua mchicha, kijana wa meza ya pili anamwita "kiumbe". Unguja jina likishakushika mpaka wajukuu zako wanaitwa nalo. Mpelekeeni aione kabla haijatoka, na watoto wake wawepo, maana wao ndio watakaotumiwa hiyo klipu kwenye simu.

Maalim_wa_Mkoani:
Naungana na binti. Kusema watu kwa sanaa si jambo geni kwetu. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, ambaye sahani zake za kwanza zilirekodiwa Bombay mwaka 1928, aliimba kesi ya mauaji ya mwanamke, na hasira zake akazielekeza kwa muuaji aliyekimbilia Dar es Salaam na kwa mahakama iliyowafunga mashahidi. Wanangu, aliyewafungulia mlango na kuwapa chai si wa kuelekezewa mshale. Mtafuteni mwenye dhamana ya maji.

Makaratasi_Kwanza:
Kuhusu vibali: filamu kwa Zanzibar ni BASSFU, baraza la sanaa na filamu lililoundwa kwa Sheria Nambari 7 ya 2015. Bodi ya Filamu ni ya Bara, msichanganye. Kwa ya mtandaoni, ulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zinawahusu nyinyi wa Zanzibar, na zisomeni, hasa jadweli la maudhui yaliyokatazwa.

Kwa wenye tashtiti mtego mkubwa uko kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, taarifa za uongo. Msitunge tamko la ofisi wala takwimu za kuchekesha, kwa sababu klipu ikishakatwa na kuzungushwa WhatsApp, utani hauonekani tena, linabaki tamko. Dumu kupumzika ngazini halimdanganyi mtu. Mkitia taarab ya mtu mwingine chini yake, kwanza ulizeni COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki Zanzibar. Na sheha, kiongozi wa mtaa wa pale, mumuone, hata kwa salamu tu.

Kamera_ya_Ngambo:
Ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Msimulizi tumeshamnyamazisha kwenye sehemu yake yote, na kwa kweli imekuwa na nguvu zaidi. Tunampelekea bi mkubwa baada ya Alasiri. Na akisema hataki kabisa?

BintiKikwajuni:
Akikataa, kinatoka. Rudini ngazini alfajiri na kamera yenu, madumu yapo tele.