4′33″ ya John Cage: ni kazi ya sanaa, au tutachekwa ukumbini?

MwalimuKwaya

Habari zenu wakuu. Tunapanga tamasha la piano la wanafunzi, na mmoja amependekeza 4′33″ (yaani dakika 4 na sekunde 33) ya mtunzi Mmarekani John Cage. Mwenzangu kwenye kamati amegoma. Anasema mtu kukaa mbele ya piano bila kugusa kibonye hata kimoja si muziki wala sanaa, ni mzaha wa wasomi, na mtoto hapewi alama kwa kukaa kimya. Nikamjibu "kimya kingi kina mshindo mkuu", ndiyo kwanza akacheka. Je, ni sanaa kweli? Na kama ni sanaa, inapigwaje? Karatasi niliyoiona haina hata mistari ya nota: I, II, III, na chini ya kila namba neno tacet, basi.

Funguo88

Mwalimu, anza na hilo la alama, ndilo lenye jibu rahisi. Kazi hii inaweza kupigwa vibaya, tena vibaya sana. Kinachoweza kuharibiwa kina kanuni, na penye kanuni mwalimu ana cha kusahihisha.

Tacet ni Kilatini, "yuko kimya". Wapiga ala wa okestra hulikuta kwenye karatasi zao kila mara, pale ambapo tarumbeta, kwa mfano, hazina kazi. Cage alichofanya ni kulikabidhi neno hilo kazi nzima. Mpiga piano David Tudor aliipiga kwa mara ya kwanza tarehe 29 Agosti 1952, Maverick Concert Hall, karibu na Woodstock, New York. Alifunga mfuniko wa vibonye kila sehemu ilipoanza, akaufungua ilipokwisha, huku anatazama stopwochi na kufunua kurasa. Ukumbi ule uko wazi upande wa nyuma, unatazama msitu. Cage alisimulia baadaye kwamba kwanza ulisikika upepo, kisha mvua juu ya paa, kisha watu wenyewe wakinong'ona na kutoka.

Programu ya usiku ule iligawa muda hivi: sekunde 30, dakika 2 na sekunde 23, dakika 1 na sekunde 40. Nota zilizochapishwa baadaye zinataja sekunde 33, dakika 2 na sekunde 40, dakika 1 na sekunde 20. Jumla ni sekunde 273 kote kuwili. Chukua mgawo mmoja uushike mpaka mwisho. Ukiokota huku na huku hesabu haitimii.

Mwanafunzi aingie, ainame kidogo, akae, arekebishe kiti kama angepiga Bach. Aweke stopwochi mahali anapoiona bila kugeuza shingo. Afunge mfuniko na kuibonyeza kwa pamoja. Muda ukitimia afungue, apumzike sekunde tano hivi, airudishe kwenye sifuri, aendelee. Simu inafaa iwapo imezimwa mtandao na kioo hakijizimi. Kikijizima katikati ya sehemu ya pili, ataanza kuipapasa, na ukumbi mzima utatazama mkono wake.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuigiza. Anayefumba macho kwa hisia, anayetabasamu kwa siri, anayeinua mikono kana kwamba yuko karibu kuanza, anawafanya watu wasubiri kichekesho, na anayesubiri kichekesho hasikii sauti za ukumbini, kama ya feni, ambazo ndizo za kusikilizwa. Mtu akikohoa, asimtazame. La pili ni mtangazaji kuhutubia dakika kumi kabla. Jina la kazi, mtunzi na mwaka vinatosha.

KituoNaMizani

Mimi niko nusu upande wa mwenzako. Sanaa, sawa. Muziki, hapana. Mwanafalsafa Stephen Davies aliitetea hoja hii vizuri: kazi inatualika tusikilize sauti za pale jinsi zilivyo, ila hakuna aliyezipanga, kwa hiyo alichokitunga Cage ni onyesho la jukwaani linalohusu muziki. Wapo wanaoitetea kwa kusema "kila wimbo una kimya ndani yake"; hao wanakwepa swali. Shairi la mizani kumi na sita lina kituo baada ya mizani ya nane, nacho kina uzito kwa sababu ya nane zilizotangulia na nane zinazofuata. Ondoa maneno yote, ubakize vituo vitupu, halafu uniambie umetunga shairi.

Hata hiyo methali, mwalimu, inakusaliti. Inaahidi mshindo baada ya kimya. Kwa Cage mshindo hauji.

Funguo88

Hoja ya kituo naikubali kuhusu mtunzi Erwin Schulhoff. Mwaka 1919 aliandika "In futurum", kipande cha piano chenye alama za kimya mwanzo mpaka mwisho, ndefu na fupi, zimepangwa kwa ustadi kama utani kwa mpigaji. Hapo kweli ni vituo vitupu. Cage alikuwa na shughuli nyingine. Alikuwa ameingia kwenye chumba kisicho na mwangwi, Chuo Kikuu cha Harvard, akitarajia kimya, akasikia sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini. Mhandisi alimwambia ya juu ni mfumo wake wa neva, ya chini ni damu. Hiyo ya neva ina mashaka, lakini Cage alitoka na uhakika kwamba mtu mzima wa masikio hawezi kukutana na kimya. Ukiiita onyesho la jukwaani sitagombana nawe. Alama mwanafunzi anastahili vilevile.

Tafuteni pia nakala ya mkono ya mwaka 1953, ambayo Cage alimtengenezea rafiki yake Irwin Kremen. Haina tacet. Ni karatasi nyeupe yenye mistari ya wima, na upana wa ukurasa, inchi 7, ni sawa na sekunde 56. Mwanafunzi akiiona, anaelewa kwamba muda wenyewe ndio uliochorwa.

FundiMitambo

Kama mnarekodi, jihadharini. Programu nyingi za simu na za mikutano ya mtandaoni hupunguza kelele zenyewe. Zikikuta hakuna anayesema, zinafuta kila kitu, na mtabaki na sifuri tupu. Hiyo si 4′33″, hiyo ni faili bovu. Zimeni huo upunguzaji. Zimeni pia kidhibiti cha sauti kinachojiongeza chenyewe, maana ukumbi ukitulia kinapanda mpaka mngurumo wa mashine unakuwa kama mvua. Pangeni kiwango kwa mkono kabla watu hawajaingia, wekeni maikrofoni mbili upande wa hadhira, msiziguse tena.

BBC walipoirusha mwaka 2004, okestra yao ikiwa kwenye ukumbi wa Barbican, London, walilazimika kuzima mfumo wa dharura wa redio, ule unaorusha vipindi vya akiba hewa ikikaa kimya.

Spika za ukumbi zizimeni kabisa. Mngurumo wa umeme haukatazwi na nota, ila unafunika kila kilicho chini yake. Kiyoyozi nacho kipimeni hivyohivyo: kama kinawazuia kusikia kiti kikilia mstari wa tano, kizimeni.

MwalimuKwaya

Asanteni. Je, adhana ikianza katikati, au jenereta la jirani? Na tuiweke wapi kwenye programu?

Funguo88

Adhana, jenereta, mtoto anayelia, vyote viacheni. Mpigaji asisimame wala kuanza upya, saa inaendelea.

Isiwe ya kwanza, wachelewaji watakuwa wanatafuta viti. Isiwe ya mwisho, watu watadhani tamasha limekwisha na kuanza kuvaa makoti na mikoba. Woodstock ilikuwa ya pili kutoka mwisho, ikifuatwa na "The Banshee" ya Henry Cowell, ambayo mpigaji anasugua nyaya ndani ya piano. Baada ya dakika nne na nusu za kutega sikio, mpangilio huo una akili.

Kwenye fomu ya alama wekeni muda wa kila sehemu, utulivu wa mwili, na mfuniko. Mfuniko mwambie aufanyie mazoezi peke yake, mara ishirini hata thelathini. Bandikeni vipande viwili vidogo vya kitambaa kizito kwenye pembe zake, kwa sababu ukigonga mbao, hicho ndicho watakachokumbuka.