Naombeni ushauri: pamba inachungulia kwenye wanasesere ninaowafuma

Sindano_Mbili: Habari zenu wadau. Nimekwama na sina wa kumuuliza. Nafuma wanasesere wadogo wa mtindo rahisi: kipande kimoja cha mstatili, unakishona mgongoni, unajaza, unakaza shingo kwa uzi, basi. Shida ni kwamba nikishajaza tu, pamba inachungulia kila mahali, hasa tumboni na mashavuni. Sindano ni za milimita 4, kama lebo ya uzi inavyoelekeza. Nimefumua na kuanza upya mpaka usingizi umeniruka, na nina siku tisa tu. Nifanyeje?

mama_pacha: Pole mpenzi. Mimi niliwafumia wanangu pacha, kila mmoja wa kwake, rangi mbalimbali. Wakaishia kumgombania mmoja, yule aliyepinda kichwa kwa sababu shingo yake niliikaza vibaya. Yule mzuri alilala kabatini mpaka nondo wakamla. Usijitese sana na uzuri, watoto wana macho yao. Halafu siku tisa za nini?

Fundi_Kimya: Lebo inakupa sindano ya kufumia sweta, na sweta inatakiwa iwe laini, ilegee mwilini. Mwanasesere anatakiwa abane. Shuka hadi milimita 3, au hata 2.75 kama mkono wako ni mlegevu. Vitanzi 30 vinatosha. Ukifuma safu 6 za viatu, 16 za suruali, 16 za sweta, 12 za uso na 10 za kofia, unapata mtoto wa karibu sentimita 20. Safu moja ya kawaida, moja ya kinyume. Kingo zitajikunja, usiogope, mshono wa mgongoni utazimeza. Pamba usiisukume bonge zima. Ichambue, ingiza kidogo kidogo ukianza na miguu. Na ukipata ile ya nyuzi za poliesta ndiyo bora, maana pamba ya kawaida ikilowa inafanya mabonge na kukauka ni kazi.

Watoto wana umri gani, na macho umeweka ya nini?

Sindano_Mbili: Asante sana Fundi, leo leo naanza na milimita 3. Macho yako sawa, hayana shida. Swali langu lilikuwa pamba tu.

MzeeWaKona: Mwanangu, hongera kwa kutumia mikono. Siku hizi mtoto akilia anawekewa simu usoni. Mwanasesere wa uzi si kitu kidogo. Alikuwepo mwanajeshi wa Kanada, Mark Isfeld, aliyekuwa akitegua mabomu ya ardhini Kroatia na kikosi cha kulinda amani. Mama yake, Carol, alikuwa akimfumia wanasesere wadogo wa kuwapa watoto kule. Kijana akauawa mwaka 1994 akiwa kazini. Wenzake wakaomba wanasesere wasikome kuja, wakawaita Izzy kwa jina lake la utani, na mpaka leo kuna watu wanawafuma. Nikiikumbuka habari hiyo moyo unanijaa. Wazazi tuzimeni simu.

Fundi_Kimya: Shikamoo mzee. Dada Sindano, hujanijibu.

Sindano_Mbili: Haya. Ni vifungo. Vidogo, vyeusi, uzi nimepitisha mara sita kila kimoja na kufunga fundo. Wanasesere ni oda ya kituo cha kulelea watoto, wa kuanzia mwaka mmoja hadi minne. Wanatakiwa 20, 14 wako tayari. Malipo ya awali nilishapokea na yote yameishia kwenye nyuzi. Aliyeagiza aliona picha yenye macho ya vifungo ndiyo akapenda, sasa nikibadilisha ataona nimemdanganya. Na vimeshonwa imara, nimevuta mwenyewe. Kuna walezi pale muda wote, watoto hawaachwi peke yao.

Fundi_Kimya: Uzi wako wa kushonea sina wasiwasi nao. Wasiwasi wangu ni kitambaa chenyewe. Kilichofumwa kinavutika, na mtoto wa mwaka mmoja anatafuna, havuti mara moja akaacha. Kitanzi kikipanuka, kifungo kinaondoka na fundo lake zima. Hata yale macho ya plastiki yenye kibano cha nyuma hayafai kwa wa chini ya miaka 3. Marekani wana kopo la kupimia lenye kipenyo cha milimita 31.7: kinachoingia chote humo hakiruhusiwi kwenye vya kuchezea vya umri huo. Kifungo chako kinaingia huku kinacheza. Na mlezi haoni kilichomo ndani ya shavu.

kijiti_kimoja: Wakuu, hii ni chai. Bandiko la kwanza anafumua na kuanza upya hadi halali, anauliza pamba inachungulia kwa nini. Bandiko la tatu ana 14 tayari. Hao 14 pamba yao haikuchungulia? Mleta mada leta picha au tufunge mjadala.

mama_pacha: Hata mimi hapo nilisita. Dada, tuambie ukweli, hakuna atakayekucheka.

MzeeWaKona: Mpeni nafasi aseme.

Sindano_Mbili: Si chai. Hao 14 hakuwafuma mtu huyu anayeandika. Kawafuma dada yangu mkubwa, mkono wake unabana kama mashine. Kazi yangu ilikuwa kushona mgongo, kujaza na kuweka sura. Wiki iliyopita ameanguka akavunjika kifundo cha mkono, sita waliobaki wameniangukia mimi ninayejifunza. Na vifungo ni wazo langu. Yeye alisema tutarizi macho kwa uzi, mimi nikaona vifungo vinapendeza kwenye picha, nikamwambia dada kwamba mteja ndiye anayevitaka. Ndiyo maana nilikuwa nakwepa.

kijiti_kimoja: Basi niwie radhi, pole na dada. Ila chukua mmoja sasa hivi, tia kidole chini ya kifungo, usivute tu: zungusha, vuta, zungusha, kama mtoto anayetafuna. Dakika mbili. Urudi utuambie.

Sindano_Mbili: Nimerudi. Uzi haukukatika. Kifungo kimetoka na fundo lake, na shavuni pamebaki tundu linaloingia kidole. Na huyu ni wa dada, yule wa mkono unaobana. Nimempigia, nimemweleza yote. Amenyamaza kidogo, kisha akaniambia nilete kikapu, atashika mkasi kwa mkono mzima tuvitoe wote. Mteja nitamwandikia usiku huu na picha ya macho mapya. Sasa nisaidieni: nayaweka vipi yasipande moja juu moja chini?

Fundi_Kimya: Jaza kwanza. Weka pini mbili katikati ya urefu wa uso, kwenye safu moja, ukiacha vitanzi vinne kati yake. Ingiza sindano kisogoni, tokea penye pini, piga mishono mitatu mifupi juu ya kitanzi kilekile, rudi kisogoni, vuta kidogo mpaka uso ubonyee. Mkia wa uzi usiukate karibu. Uache sentimita 15, uzungushe ndani ya kichwa ndipo ukate. Nywele za nyuzi ndefu usiweke kabisa, kofia inatosha. Na pini zihesabu kabla na baada.

Sindano_Mbili: Jicho la kwanza limekaa. La pili nimelirudia mara mbili. Pini mbili zimeingia, mbili zimetoka. Na kwa milimita 3, Fundi, pamba haionekani.