Vazi la kivita la angani: foomu, printa ya 3D au seti ya kuagiza?

Kapteni_Tudor
Wakuu, habari za usiku. Nataka kujitengenezea vazi la kivita la askari wa angani, kofia mpaka viatu, na nimebaki na njia tatu. Kuna foomu ya EVA nikate mwenyewe. Kuna fundi wa printa ya 3D hapa mjini, amesema atatoa vipande vyote kwa 28,000, nimpe nusu Ijumaa. Halafu kuna seti ya plastiki ya ABS ya kuagiza nje, inakuja vipande vya kukata na kuunganisha. Ipi bora? Nijibuni kabla ya Ijumaa, jamaa ana wateja wengine.

Mama_Msasa
Kaka, hili ni kama kuuliza gari gani zuri bila kusema utabeba abiria au mchanga. Urefu wako? Unavaa lini, ndani au juani, kwa saa ngapi? Ni askari wa filamu au umembuni mwenyewe? Na huyo fundi anatumia filamenti gani, yaani ule uzi wa plastiki ambao printa huuyeyusha? Hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi.

Fundi_Kariokor
Foomu tu. Mimi nashona viatu, EVA naishika kila siku. Hizo patipati unazoogea nazo ni EVA. Tafuta shiti ya milimita 10 kwa kifua, mgongo na kofia, 5 kwa mikono na miguu, 2 kwa urembo wa juu. Dukani bonyeza kwa kidole gumba: ikirudi upesi, chukua. Ikibaki na shimo, wachana nayo. Mikeka ya watoto yenye meno ni ya kujifunzia, upande mmoja una michoro ambayo utaichukia ukifika kwenye rangi.

Gundi ni hii yetu ya viatu. Paka pande zote mbili, ngoja kama dakika 10 mpaka ukigusa hainati, ndipo ukutanishe. Ukiharakisha itaachia siku ya kuvaa. Na ufanyie nje, mvuke wake ni mbaya.

Printa_Daima
Foomu haitakupa kofia yenye kingo kali, tuambiane ukweli. Nimetengeneza kofia nne kwa printa yangu, kila moja zaidi ya saa 30, na ukimaliza na fila na msasa, mtu anaigonga akidhani ni bati. Foomu kwenye kiwiko na goti inajikunja, rangi inapasuka. Ijumaa mlipe jamaa.

Bi_Kisauni
Usimlipe mtu! Nisikilize kwanza, kaka.

Mwaka juzi nilichapisha kifua, mgongo na mabega kwa PLA, ile plastiki ya kawaida ya printa. Nilikaa na msasa wiki tatu, nikaanza namba 120, nikaenda 240, nikamalizia 400 kwa maji mpaka ncha za vidole zikawa laini. Praima, rangi ya fedha, kisha nyeusi kwenye kingo nikiipangusa na kitambaa ili vazi lionekane limeshapigana. Nililipenda kama mtoto.

Siku ya shughuli nikavilaza vipande kiti cha nyuma cha gari la shangazi, vioo juu, tukaingia kwa watu Nyali kula chakula cha mchana. Hatukumaliza hata saa mbili. Nimefungua mlango, joto likanipiga usoni, na bega la kushoto, lile lililokuwa upande wa jua, limelala juu ya ukingo wa kiti kama chapati. Kifua nacho kimefunguka, zile pande mbili zilizofuata mbavu zimenyooka. Nilijaribu kukirudisha kwa maji ya moto, rangi ikabanduka vipande vipande mkononi. Nililia pale pale barabarani, wala sioni haya kusema.

PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Gari lililofungwa juani Mombasa hufika huko, dashibodi huzidi. Muulize fundi wako anatumia nini.

Printa_Daima
Pole sana dada. Lakini hilo ni kosa la filamenti, printa haina hatia. Kuna plastiki nyingine za printa: PETG inavumilia karibu nyuzi 80, ABS na ASA karibu 100. Fundi anayejua pwani hawezi kumpa mtu PLA ya kuvaa juani.

Bi_Kisauni
Wangu alikuwa wa pwani, na alinipa PLA.

Kapteni_Tudor
Nimempigia, ni PLA. Anasema PETG itaongeza 9,000. Urefu wangu futi 6 na inchi 2, mwembamba. Kwanza ni picha Fort Jesus, halafu Desemba nasafiri Nairobi kwa basi, vazi likiwa kwenye buti. Nilisahau kusema navaa miwani.

Mama_Msasa
Hayo ndiyo yalitakiwa mwanzo! Futi 6 na inchi 2, halafu fundi hakukupima hata mkono? Faili nyingi za mtandaoni huchorwa kwa mwili wa mtu mwingine kabisa. Ukichapisha zilivyo, kifua kitaishia juu ya kitovu na paja litakuwa fupi.

Askari_Minnesota
Salamu kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mtu wa ABS, sitabadilika. Vazi la askari weupe wa ile filamu ya Star Wars ya 1977 lilitengenezwa hivyo hivyo: shiti ya plastiki inapashwa moto, kisha hewa inanyonywa chini yake mpaka inashika kalibu. Ni jepesi, linang'aa, na likipasuka unaliziba kwa vipande vya ABS vilivyoyeyushwa kwenye asetoni. Wenzangu wa 501st Legion, kikundi cha mashabiki wanaovaa mavazi hayo alichoanzisha Albin Johnson mwaka 1997, hukagua picha za vazi kipande kwa kipande kabla ya kukupokea, na kwa vazi hilo ABS ndiyo kawaida yao. Ila kwa urefu wako utahitaji kuongeza vipande ubavuni na mapajani.

Wakili_Mdogo
Kwani kuuza hizo seti ni halali? Wenye filamu si wanashtaki?

Askari_Minnesota
Walishtaki. Andrew Ainsworth, aliyetengeneza kofia zile Uingereza, alianza kuuza nakala. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya huko, na mwaka 2011 ikaamuliwa kwamba kofia si sanamu, ni kifaa cha kutengenezea filamu, kwa hiyo haipati ule ulinzi mrefu wa hakimiliki wanaopata wachongaji.

Wakili_Mdogo
Umeacha nusu. Mahakama hiyo hiyo ilisema madai ya hakimiliki ya Marekani yanaweza kusikilizwa Uingereza, na yeye aliuza Marekani. Kwa hiyo hakutoka mikono mitupu wala hakutoka na ushindi kamili. Mimi naona kofia ile ni sanamu kabisa, mtu aliifinyanga kwa mikono.

Fundi_Kariokor
Kiatu nacho kinaanza kwa mikono juu ya kalibu. Utaniambia nachonga sanamu?

Wakili_Mdogo
Kiatu kazi yake ni kutembea, kaka. Kofia ile haimlindi mtu na chochote.

Mama_Msasa
Jamani, kijana ana Ijumaa.

Kapteni, njia yoyote utakayochagua, anza na karatasi ya manila. Vaa kwanza nguo ya ndani utakayoivalia vazi, maana suruali nene inabadilisha vipimo vyote. Mtu akupime shimo la koo mpaka kitovuni, bega mpaka bega, mkono ukiwa umekunjwa na msuli umetuna, paja ukiwa umesimama na ukiwa umekaa. Kata manila, funga kwa selotepu, vaa, kisha ukae kwenye kiti, upande ngazi, uinue mkono uguse kisogo. Pale inapokubana, weka alama kwa kalamu na ukate. Manila ikikubana, foomu itakubana zaidi.

Mimi la kwanza nililitengeneza nikiwa nimesimama tu mbele ya kioo. Kipande cha kiuno kilinichoma tumboni kila nikikaa, nikashinda nimesimama tangu asubuhi mpaka jioni. Sasa naacha nafasi ya vidole vitatu kati ya kifua na kiuno, na mapaja nayaning'iniza kwenye mkanda kwa bizimu, uzito ukae nyongani. Mabega yashikwe na lastiki ili yafuate mkono. Gundi usiiweke mahali panapotakiwa kucheza.

Kapteni_Tudor
Asante mama, nimeinakili yote. Je, foomu nikiipasha joto kwa bloa ya mafundi simu inatosha?

Fundi_Kariokor
Kwa vipande vidogo sawa, kwa kifua utachoka, mdomo wake ni mwembamba. Azima ile kubwa ya kubandulia rangi. Pitisha mpaka uso wa foomu ung'ae kidogo, hapo vitundu vimejifunga. Ikiwa ingali moto ipinde juu ya goti lako, ishikilie mpaka ipoe. Kisha gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, mikono mitatu au minne, ndipo upake rangi.

Printa_Daima
Basi angalau kofia ichapishwe, kwa PETG. Mwili foomu, kichwa printa.

Bi_Kisauni
Hapo hata mimi sibishi sana. Lakini kofia yenyewe ataisafirishaje kwenye buti la basi?

Printa_Daima
Aipakate.

Askari_Minnesota
Miwani ndiyo itakayomsumbua. Ndani ya kofia vioo hujaa mvuke dakika ya tano. Weka feni ndogo mbili za kompyuta, moja ivute hewa kidevuni, nyingine itoe kisogoni, na betri ya kuchajia simu mfukoni.

Kapteni_Tudor
Feni za namna hiyo Mombasa zinapatikana wapi? Na zinapiga kelele?

Wakili_Mdogo
Mtaa wa Luthuli, Nairobi, zimejaa, ila utafika huko vazi likiwa limeshakamilika. Kelele zipo. Mimi nilivaa lenzi za macho badala ya miwani.

Bi_Kisauni
Lenzi na jasho la Fort Jesus? Macho yatamuwasha. Kapteni, hiyo nguo ya ndani unashonesha au unanunua? Nina fundi Majengo anashona za kubana vizuri.

Kapteni_Tudor
Sijaifikiria kabisa. Nitumie namba yake faragha, dada.