Mrejesho: Binti yangu anayesema "kile kidude"

Ndugu zangu, miezi minne iliyopita niliwaomba ushauri kuhusu binti yangu wa miaka 6 ambaye, ingawa husikia na kuelewa vizuri, hukwama anapotafuta jina la kitu na kuishia kusema "kile kidude". Mtaalamu wa tiba ya usemi alimpima kwa picha: alipoambiwa aoneshe mwiko aliuonesha mara moja, lakini alipoulizwa jina lake alijibu "upawa", kisha "cha kusongea ugali". Kumbe neno analo. Njia ya kulifikia ndiyo dhaifu, na hilo ni tatizo tofauti na uhaba wa msamiati.

Tumeacha kumtajia neno haraka. Sasa tunamuuliza kitu hicho kina kazi gani, kinakaa wapi, kinafanana na nini, na akishindwa kabisa tunampa silabi ya kwanza, kwa kuwa neno hufikiwa kwa maana yake na kwa sauti zake pia. Juzi jikoni alisimama kimya, nami nikajizuia kwa shida, nikamwambia tu "mbu…", naye akamalizia "mbuzi ya nazi!" huku akirukaruka. Akichoka bado hukwama. Nawashukuru sana mlionisihi nisimkaripie.