Mifupa ya kale hueleza nini?

Mkazi wa Kondoa: Ndugu zangu, huku kwetu tunajivunia michoro ya miambani, lakini watafiti wanaochimba hukusanya hata vipande vya mifupa na meno. Vinawafundisha nini?

Mwalimu, Dodoma: Mengi, ndugu. Kaboni iliyomo kwenye mfupa hutofautisha aliyekula zaidi mtama, uwele au nyama ya mifugo iliyolishwa nyasi na aliyetegemea mizizi na matunda ya porini. Jino nalo, kwa kuwa gamba lake hujengeka utotoni na halibadiliki tena, huhifadhi strontiamu (aina ya madini) ya udongo wa mahali mtu alipokulia, hivyo mhamiaji anaweza kutambulika hata baada ya maelfu ya miaka.

Mwanafunzi wa akiolojia: Shikamoo Mwalimu. Niongeze vinasaba: mfugaji aliyezikwa Luxmanda, mkoani Manyara, takriban miaka 3,100 iliyopita, alikuwa na sehemu ya nasaba inayohusiana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati.

Mwalimu, Dodoma: Marahaba. Mifupa ya ng'ombe pia isidharauliwe, kwani meno huonyesha umri wa kuchinjwa, na alama za visu huonyesha namna nyama ilivyokatwa. Kwa hiyo, ukikuta mfupa pangoni, tafadhali usiuondoe. Mahali ulipolala ni nusu ya ushahidi.